Bahasha Tatu Zisizo na Jina Nyuma

Baba mkwe wangu alituandikia barua tatu akiomba tumtembelee kabla hajafa. Sikuzisoma. Nilizichoma kwenye meko yangu pale Kebirigo, nikiwa na akili zangu timamu na nikijiona mtu wa maana kabisa. Nasema tatu kwa sababu ndivyo nilivyokuja kuambiwa. Mimi nazikumbuka mbili.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwanzoni mwanzoni. Nilikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza cha duka sokoni, nikishona sare za shule na magauni ya kanisani, na kila Sabato alasiri nilikuwa karani wa kikundi cha maombi na nyimbo. Tulikuwa watu kumi na wanane. Ibada ya asubuhi ikiisha, tulikula vyakula vyetu vya baridi, kisha tukakutana katika darasa la nne la shule ya msingi na kubanana kwenye madawati ya watoto. Tuliimba, tukaomba, na kesho yake, Jumapili, tukaenda nyumba moja iliyotuita. Ilikuwa ya mgonjwa, au mjane, au mlevi aliyechoka na pombe. Hatukuwahi kukataa nyumba. Hilo lilikuwa jambo letu kubwa, na tulilisema mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Mume wangu aliimba besi. Wenye besi walikuwa wawili tu, na yule mwenzake alikuwa na pumu, kwa hiyo mahali tulipokwenda mume wangu alikwenda, apende asipende.

Kutupata hakukuwa rahisi. Simu hatukuwa nayo, wala sanduku la posta. Barua zetu zilipitia sanduku la Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, ambako nilinunua uzi na vifungo kila Alhamisi. Alikuwa mzee mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa duka lake mwenyewe, na sanduku lake lilikuwa la watu wengi kuliko alivyoweza kuwahesabu. Alituruhusu bila masharti. Basi tukabandika karatasi kwenye milango ya vituo vya kununulia chai, kuanzia Nyakoe mpaka Ekerenyo: anayetaka kikundi kimtembelee, aandike kwa karani, kupitia sanduku fulani, Kisii. Karatasi hizo niliziandika kwa mkono wangu. Kosa la kwanza lilikuwa hilo, ingawa sijui tungefanya nini kingine. Ukishatundika anwani yako mlangoni, inasomwa na kila mpita njia.

Mwanzoni barua zilikuwa za kweli. Siku ya Sabato nilisimama mbele ya ubao na kuzisoma kwa sauti, nikianza na jina la mwenyewe na kijiji chake, kisha shida yake. Watu walipenda sehemu hiyo. Jina lako kutajwa mbele ya watu na kuombewa papo hapo lilikuwa jambo ambalo mtu angelisimulia sokoni wiki nzima.

Siku moja nikafungua barua kutoka Nyakoe. Mwandishi alikuwa mzee mwenye mguu uliooza, na jina lake lilikuwa jina la baba mkwe wangu, herufi kwa herufi. Hawakuwa na undugu wowote. Lakini kwetu kuna chinsoni, haya ile ya ukoo inayompangia kila mtu nani asimguse, nani asimwingilie nyumbani, nani asimtaje. Mkamwana hamtaji baba wa mumewe. Nilijua kabisa kwamba huyu wa Nyakoe ni mtu mwingine, na bado mdomo ulikataa. Nikasema, "Ndugu mmoja wa Nyakoe." Mzee mmoja nyuma akauliza, "Ana jina huyo ndugu?" Nikakohoa. Nikatazama dirishani. Mwisho nikampa karatasi jirani yangu, naye aliposoma jina tu darasa zima likaelewa, na kina mama wakavunjika mbavu kwa kicheko. Mume wangu hakucheka. Jina hilo kwake lilikuwa na mambo mengine.

Baba yake alioa mke wa pili wakati mama mkwe wangu angali hai na mgonjwa. Kanisa likamfuta katika orodha ya washiriki, naye akahamia shamba lake lingine upande wa Ekerenyo pamoja na mke huyo mdogo. Mama mkwe akafa. Mume wangu akasema baba yake pia amekufa siku ile ile, na yeye akishasema neno halirudi. Kwa miaka minane hakukanyaga Ekerenyo. Mwaka mmoja mzee alimtuma mtu aje kuomba waonane, na mume wangu akamrudisha mjumbe huyo kabla hajaketi. Chai nilikuwa tayari nimeipika. Nikaimwaga.

Kichekesho changu cha darasani kilisambaa. Nilikisikia Kebirigo, nikakisikia Kisii. Niliona aibu kidogo kisha nikasahau, kwa sababu baada ya hapo zikaja barua za mnyororo.

Vijana wa leo wana usumbufu wao kwenye simu, nao wanadhani ni wa kwanza kusumbuliwa. Sisi uchafu wetu ulikuja na stempu. Bahasha haina jina la aliyetuma. Ndani kuna karatasi iliyonakiliwa mpaka maneno yamepauka: barua hii ni takatifu, imezunguka dunia, nakala ishirini ziandikwe na kupelekwa kwa watu ishirini, anayetii atabarikiwa, anayeukata mnyororo atazika mtu. Nyingine ziliahidi Biblia za bure kutoka ng'ambo ukituma stempu na majina ya jamaa zako wote. Wiki moja nilipokea mbili, wiki iliyofuata tisa. Mimi, kwa upumbavu, ile ya kwanza niliisoma kwa sauti mbele ya kikundi kama nilivyozisoma nyingine zote. Nilifika kwenye "atazika mtu" ndipo nikagundua ninasoma nini.

Hamjawahi kuona watu wa Mungu wakiogopa hivyo. Shemasi mmoja alirarua madaftari ya nyumbani kwake na kunakili mpaka kiganja kikavimba. Mama mmoja alikataa kunakili, na ng'ombe wake akafa wiki hiyo. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amelala chini tangu mwezi uliopita, sote tulimjua, lakini hakuna aliyetaka kulikumbuka hilo. Watu wakaanza kukosa Sabato alasiri. Walisema ukishaisikia ikisomwa umeshafungwa, heri usiisikie.

Nilimlalamikia mwenye duka. Alicheka, akavuta droo na kunionyesha rundo.

"Mama, hii mimi napata kila mwezi," akasema. "Ya miungu yetu pia iko. Hii watu nasumbua tu."

"Unazifanyia nini?"

"Nafungua, naangalia. Kama iko takataka, natupa. Kama iko mtu, najibu."

"Huogopi kuzifungua?"

"Naogopa nini? Karatasi? Wewe fungua kwanza, mama. Pengine ndani iko mtu."

Nilimshukuru, nikachukua uzi wangu, na njiani nikamdharau. Nilijiambia kwamba huyu hamjui Mungu wetu, hawezi kujua hatari zetu. Ushauri wa maana kuliko wote niliopewa mwaka ule niliuacha pale dukani pamoja na chenji ya vifungo.

Sabato iliyofuata nilisimama na kutoa shauri langu mwenyewe. Nilisema kila barua ya kweli ina mwenyewe, na mwenyewe haoni haya kuandika jina lake nyuma ya bahasha. Kwa hiyo bahasha isiyo na jina nyuma isifunguliwe. Iende motoni ikiwa imefungwa, na atakayeichoma ni mimi, ili balaa kama lipo liishie kwangu. Wakanipigia makofi. Mzee wa kikundi akasema Bwana amempa karani wetu hekima. Nilijipiga kifua, nikaketi, nikajifanya natafuta ukurasa wa wimbo.

Sheria hiyo tuliitangaza darasani na tuliitangaza kanisani. Kwenye milango ya vituo vya chai hatukuongeza neno. Waliokuwa wakituhitaji wengi hawakuwa wakija kanisani, na ndiyo maana walituhitaji, lakini hilo halikumpitia mtu yeyote akilini, mwenye hekima ya Bwana akiwa wa kwanza.

Nilichoma kila Ijumaa, jua halijatua, nilipokuwa nikipika chakula cha Sabato. Maharagwe yakiwa motoni nilitoa bahasha kwenye kikapu, nikazigeuza moja moja. Zenye jina niliziweka juu ya kabati. Zisizo na jina nilizisukuma chini ya sufuria. Kikundi kikatulia. Watu wakarudi. Nilijiona nimewalinda, na kwa kweli hakuna barua ya mnyororo iliyosomwa tena katika darasa lile.

Bahasha mbili nazikumbuka kwa sababu zilikuwa na sura ya ajabu. Zilikuwa za rangi ya kahawia, zile za kazini, zilizofunguliwa kwenye mishono, zikageuzwa nje ndani na kugundishwa upya kwa ugali. Mende walikuwa wameanza kula ukingo mmoja. Mbele, kwa herufi kubwa zilizosimama wima, iliandikwa KARANI WA KIKUNDI. Nyuma hapakuwa na kitu. Niliigeuza ile ya kwanza mara mbili, nikiwaza huyu wa mnyororo amefikia kuokoteza bahasha. Ya pili ilikuja baada ya kama mwezi mmoja, wakati wa mvua, ikiwa na unyevu. Ilikataa kushika moto upesi. Ilibidi niipulize.

Ya tatu siikumbuki. Nimejaribu.

Baba mkwe alikufa kabla ya kupanda mahindi. Habari ililetwa sokoni na mtu wa kituo cha chai, na nilimkuta mume wangu nyuma ya nyumba akipasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa. Jioni akasema mtoto wa kiume hawezi kukosa kaburi la baba yake, watu watasema nini, na akaniomba nimpigie koti pasi.

Kikundi kikaenda chote. Msiba wa mwenzetu ulikuwa wetu, na hatukukataa nyumba. Tulifika Ekerenyo watu kumi na wanane, viatu vimejaa matope, na tukaimba nyimbo nne uwanjani mbele ya jeneza. Mume wangu aliimba besi bila kuinua macho. Ulikuwa uwanja mdogo, uliofagiliwa, wenye migomba kwa nyuma na chai iliyochumwa vizuri. Kando ya ukuta palikuwa na mabenchi mawili ya mbao mpya, ambayo hayajapigwa rangi. Nikadhani yametengenezwa kwa ajili ya mazishi.

Mke mdogo alikuwa jikoni. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alikuwa rika langu, pengine amenipita mwaka mmoja, na mimi ilinipasa kumwita mama. Nilimwita. Aliitika bila shida, akasema nikae, chai inachelewa kwa sababu kuni ni mbichi. Tulizungumza Ekegusii, na maneno yake naweka hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

Alikuwa akiwasha moto kwa karatasi. Kando yake palikuwa na kifurushi, na alichomoa moja, akairarua, akaiingiza chini ya kuni. Ilikuwa bahasha ya kahawia, iliyogeuzwa nje ndani.

"Hizo ni za nini, mama?" nikamuuliza.

"Za mzee. Alikuwa karani wa kituo cha chai zamani, alipostaafu akaja nazo. Alikuwa hatupi kitu. Akizigeuza hivi, akizibandika kwa ugali wangu. Mimi sijui kusoma, nitazifanyia nini?"

Akarusha nyingine. Nilitazama ikijikunja.

"Alikuwa akiziandikia nani?"

Aliacha kupuliza moto, akanitazama. "Si nyinyi? Aliwaandikia mara tatu. Aliona karatasi yenu mlangoni mwa kituo, akasema hawa hawakatai nyumba, wataletwa na kazi yao, na kijana wangu anaimba nao, atakuja kwa sababu ya wengine. Akamwita seremala, akatengenezewa mabenchi. Kila Jumapili alivaa shati. Nilimwambia, wewe mzee, watu hawaji. Akasema mvua, barabara ni mbaya. Hamkuzipata?"

Huo ulikuwa wakati wa kusema. Nilikuwa na mdomo, na mwenye swali alikuwa mbele yangu.

"Posta ya huku ina shida," nikasema. "Sisi tunatupa barua zisizo na jina nyuma. Wako watu wanaosumbua. Labda hakuandika jina?"

Nililiuliza hilo kana kwamba kosa lilikuwa lake. Nilitaka liwe lake, Mungu anisamehe.

"Jina hakuandika," akasema. "Nilimuuliza, kwa sababu aliniita nimshikie taa ya kuonea. Akasema, karani wao ni mke wa mwanangu. Alikuwa amesikia ile hadithi, ulivyopewa jina kama lake mbele ya watu ukashindwa kulitaja. Waliisimulia hapo kituoni. Alicheka mpaka akakohoa, akasema kijana wangu ameoa mtu mwenye adabu. Kwa hiyo akasema hatalitia jina mahali popote. Huyo mtoto wa watu asipate taabu mara ya pili kwa ajili yangu."

Nje walikuwa wakisoma historia ya marehemu, na nilisikia jina lake likitajwa na mtu mwingine.

Mke mdogo akachambua kifurushi, akatoa bahasha moja iliyokuwa nzito kuliko nyingine, iliyobandikwa. "Hii ndiyo ya mwisho. Alikosa nguvu za kufika posta. Basi ichukue, ni yenu," akasema, akaniwekea mkononi, akainama tena kwenye moto wake.

Niliifungulia nyuma ya migomba, peke yangu. Mwandiko ulikuwa ule ule uliosimama wima, ila sasa uliyumba. Ilikuwa karatasi moja. Alisalimu kikundi kwa jina la Bwana, akasema hii ni barua yake ya nne. Alisema yeye ni mzee mgonjwa wa hapo Ekerenyo, aliyekosa kwa kanisa na kwa nyumba yake, na hataki kujitetea. Anaomba waje waimbe mara moja, wimbo wowote, viti vipo. Chini kabisa, baada ya nafasi, alikuwa ameniandikia mimi: "Karani, mwanangu, usijisumbue kusoma hii mbele ya watu. Mpe mume wako aisome yeye. Atajua ni nani."

Niliikunja nikaitia ndani ya kitabu cha nyimbo. Tulimzika, tukanywa chai iliyochelewa, tukaketi kwa zamu juu ya mabenchi yale. Mke mdogo hakumsemesha mume wangu wala yeye hakumsemesha. Kurudi tulitembea sehemu ya kwanza kwa sababu ya matope, wenzetu wakitangulia. Mimi na mume wangu tukapita kituo cha chai. Karatasi yetu ilikuwa bado mlangoni, wino umepauka.

"Unajua kinachoniuma?" akasema. "Si kwamba nilikasirika. Nilikuwa na haki ya kukasirika. Kinachoniuma ni kwamba hakunitafuta tena. Nilimrudisha mtu mmoja tu. Mmoja. Angeandika hata mstari, ningekuja."

Nilikuwa na kitabu cha nyimbo kwapani. Nikamwambia aangalie pale anapokanyaga, pana shimo.

Niliacha ukarani mwaka huo, nikisema macho yananisumbua. Sheria ya bahasha iliendelea bila mimi, na nasikia iliwafaa sana. Mwenye duka alifunga akahamia kwa wanawe, sikumuaga. Mume wangu angali anaimba, ingawa sauti imepungua, na baba yake anapotajwa husema yule mzee alikuwa na kiburi hadi kaburini. Watoto wetu wamekua wakilijua hivyo. Wajukuu nao wanaanza kulijua.

Barua ninayo. Iko kwenye sanduku la cherehani, chini ya vifungo, na ugali uliokauka bado umeshika ukingo mmoja. Nikimpa atauliza hizo tatu zilikwenda wapi. Nimekuwa nikijiambia nitampa Sabato inayokuja, tangu wakati ule mpaka nywele zetu zikawa nyeupe. Sijampa.